Madini Yanayolana Juu ya Paa

Mtu akisafiri kutoka Korogwe kwenda Handeni, huuacha nyuma mto Pangani na mashamba ya mkonge, na milima ya Usambara hubaki mgongoni mwake. Nchi yageuka kuwa kavu kidogo kidogo. Akitupa macho upande huu na huu, ataona nyumba za mabati, na juu ya baadhi ya mabati hayo ataona vibao vyeusi vinavyong'aa, vimeinamishwa kidogo ili jua livipige usoni. Vibao hivyo ni paneli za umeme wa jua, nazo watu wengi huziita sola tu.

Kazi yake waijua. Jua lipigapo uso wa paneli, umeme hutoka, hupita katika waya, huingia katika betri, na usiku huwasha taa. Kweli, maji ya mto Pangani yalianza kuzungusha mitambo ya umeme pale Hale, wilayani Korogwe, mwaka 1964. Lakini nyaya za umeme haziwezi kufika kila kitongoji kwa siku moja. Mahali zisipofika, sola ndiyo taa ya mwanafunzi asomaye usiku, nayo ndiyo taa ya mkunga katika zahanati, ampokeapo mtoto usiku wa manane. Basi sola ikiharibika, si mali tu iliyopotea.

Paneli iliyotengenezwa vyema huweza kufanya kazi miaka 20 na zaidi. Lakini paneli haikai peke yake. Ina fremu, ina bolti na nati, ina nyaya, tena imefungwa juu ya mabati. Vitu hivi vyote ni vya madini mbalimbali, na madini mbalimbali yana siri yake. Siri hiyo ndiyo somo letu la leo.

1. Paa la shule

Tuseme pana shule moja katika wilaya ya Handeni, mbali na nyaya za umeme. Shule hii ni ya mfano tu, usiitafute katika ramani. Lakini mambo nitakayosimulia ni ya namna yanayotokea kweli. Wazazi walichanga fedha, wengine wakauza mahindi, wengine mbuzi, wakanunua paneli na betri. Fundi kijana akaja, akazifunga kwa siku moja, akalipwa, akaenda zake. Usiku ule taa zikawaka, wazee wakashangilia, na wanafunzi wa darasa la saba wakasoma mpaka saa nne.

Masika ya kwanza yakapita, na ya pili, na ya tatu. Kisha mambo matatu yakatokea. La kwanza, taa zilianza kufifia, ingawa jua lilikuwa kali mchana kutwa. La pili, mvua ilianza kuvuja darasani, tena si mahali pamoja, bali katika mstari ulionyoka, kana kwamba mtu ametoboa bati kwa msumari hatua kwa hatua. La tatu hapana aliyeliona, maana lilikuwa juu ya paa. Nalo lilikuwa la hatari kuliko yale mawili.

Wazee wakanung'unika, wakisema, "Tumeuziwa paneli mbovu. Fedha yetu imekwenda bure." Lakini mwalimu mkuu hakukata tamaa. Akampelekea habari fundi mmoja mzee wa Korogwe, aliyefanya kazi za chuma na umeme tangu ujana wake. Yule mzee akaja.

"Shikamoo, babu," wanafunzi wakamwamkia.

"Marahaba, wajukuu zangu. Haya, nileteeni ngazi."

Akapanda, akakaa juu kitambo kirefu. Aliposhuka alikuwa na vitu vitatu mkononi. Cha kwanza ni waya wa shaba nyekundu, ambao ncha yake ilikuwa imejaa unga mweupe. Cha pili ni kiungo cha nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, mmoja mwekundu na mmoja mweupe, nacho kilikuwa kimeungua na kuwa cheusi. Cha tatu ni kipande cha bati kilichomeguka, chenye alama za kijani na matundu madogo yaliyofuatana.

"Paneli zenu ni nzima," akasema. "Kosa lenu ni ndoa mbaya."

Wanafunzi wakacheka.

"Ndiyo, ndoa mbaya," akasema tena. "Fundi wenu aliozesha madini yasiyopatana, na mvua ikawa shahidi wa harusi. Sasa madini hayo yanalana."

Mwalimu akauliza, "Lakini mzee, hii si kutu tu kama kutu nyingine?"

"La, mwalimu. Tazama reli. Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, nayo ni chuma. Chuma kikiachwa peke yake katika mvua hushika kutu polepole, mwili mzima. Lakini ugonjwa huu hauli mwili mzima. Hula pale tu madini mawili yanapokutana, au pale maji yanapotoka kwenye moja kwenda kwenye jingine. Hapo hula upesi sana."

2. Chura wa Bologna

Ili tuelewe maneno ya yule mzee, hatuna budi kusafiri kwa fikira mpaka nchi ya Italia, zaidi ya miaka 200 iliyopita. Katika mji wa Bologna palikuwa na mwalimu jina lake Luigi Galvani, aliyechunguza viungo vya wanyama. Siku moja aliona ajabu. Mguu wa chura aliyekufa, ukiguswa kwa madini mawili ya namna mbalimbali yaliyoungana, uliruka kama wa chura aliye hai. Galvani akadhani kwamba umeme umo ndani ya mwili wa chura, akaandika habari hiyo mwaka 1791.

Mwalimu mwingine wa Italia, jina lake Alessandro Volta, akasoma habari hiyo akaifikiri sana. Yeye akasema kwamba nguvu haitoki kwa chura. Nguvu yatoka katika yale madini mawili. Mguu wa chura una majimaji tu, na kuruka kwake ni dalili ya kwamba umeme umepita. Akataka kuhakikisha neno lake. Akachukua vipande vya mviringo vya zinki na vya fedha, akavipanga kimoja juu ya kingine kama sarafu, na baina ya kila jozi akaweka karatasi nene iliyolowa maji ya chumvi. Hapakuwa na chura hata mmoja. Naye alipogusa juu na chini ya rundo lile, akapigwa na umeme! Volta alitangaza jambo hilo mwaka 1800. Hiyo ndiyo betri ya kwanza iliyotoa umeme mfululizo, na kwa heshima yake twapima nguvu ya umeme kwa volti mpaka leo.

Sasa angalia jambo moja kubwa. Umeme ule haukupatikana bure. Katika rundo la Volta, zinki iliendelea kulika. Ililipa gharama ya umeme kwa mwili wake yenyewe. Ndivyo ilivyo siku zote: madini mawili ya namna mbalimbali yakigusana, nayo yamelowa, moja hutoa umeme na kulika, na jingine hupokea na kusalimika.

Basi fundi afungaye shaba juu ya aluminiamu na kuiacha inyeshewe, ametengeneza betri ndogo pasipo kujua. Betri hii haiwashi taa yoyote. Nguvu yake haifiki hata volti 1. Lakini hufanya kazi mchana na usiku, kila palipo na unyevu, na kazi yake yote ni kula.

3. Daraja za madini

Je, twajuaje lipi litaliwa na lipi litasalimika? Wataalamu wameyapima madini na kuyapanga katika daraja. La mwanzo ni lile linalolika upesi kuliko yote, na la mwisho ni lile gumu kulika. Daraja hizo, kwa ufupi, ni hizi: zinki, aluminiamu, chuma, risasi, bati, shaba, fedha, dhahabu. Chuma cha pua kisichoshika kutu hukaa karibu na shaba, maadamu utando wake mwembamba wa juu ni mzima.

Hapa yafaa tusichanganye maneno. Mabati ya nyumba si bati tupu. Ni chuma chembamba kilichopakwa zinki, au zinki iliyochanganywa na aluminiamu. Bati lenyewe ni madini mengine, meupe na laini, ambayo mafundi huyapaka juu ya shaba na juu ya makopo ya vyakula.

Kanuni ni rahisi. Madini yaliyo jirani katika daraja hupatana vizuri. Yaliyo mbalimbali hugombana, na lile la daraja ya mwanzo ndilo linaloliwa. Fremu ya paneli ni aluminiamu, na mabati yamepakwa zinki. Hizi ni jirani, kwa hiyo hukaa kwa amani. Lakini shaba iko mbali nazo zote mbili. Shaba ikiingia juu ya paa bila kinga, ugomvi umeanza.

Mambo matatu lazima yawepo pamoja ili ugonjwa huu utokee. Kwanza, madini yawe ya namna mbalimbali. Pili, yagusane. Tatu, pawe na maji yenye chumvi au uchafu wa kupitisha umeme. Mambo haya ni kama mafiga matatu ya jikoni. Ondoa figa moja, na chungu hakikai.

Labda utasema, "Handeni ni mbali na bahari. Chumvi itatoka wapi?" Ni kweli kwamba Tanga na Pangani zina hatari zaidi, kwa sababu upepo wa bahari huleta chumvi mpaka juu ya mapaa. Lakini hata bara maji ya paa si safi. Yana vumbi la njia, moshi wa kuni, majivu, mavi ya ndege, na jasho la mikono ya fundi mwenyewe. Tena usingojee mvua tu. Umande wa alfajiri watosha kulowesha kiungo kila siku, hata katika miezi ya kiangazi. Katika nchi kavu ugonjwa huenda polepole, lakini huenda.

4. Misumari ya merikebu

Mambo haya yaliwahi kuwasumbua hata mabaharia wakubwa. Mwaka 1761 Waingereza waliifunika merikebu yao ya vita, jina lake Alarm, kwa mabamba ya shaba kuanzia kwenye maji kwenda chini, ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao zake. Mabamba yalipigiliwa kwa misumari ya chuma. Mwaka 1763, baada ya merikebu kusafiri katika bahari za joto, ilikaguliwa. Shaba ilikuwa nzuri, bali misumari mingi ilikuwa imelika kabisa, na mabamba mengine yalikuwa yamelegea.

Lakini wakaguzi waliona pia misumari michache iliyobaki mizima. Kwa nini? Mabamba yale yalikuwa yamefungwa katika karatasi nene yalipoletwa, na wafanyakazi hawakuiondoa yote. Mahali karatasi ilipobaki baina ya shaba na chuma, msumari ulisalimika. Karatasi tu, kitu cha thamani ndogo, iliokoa chuma! Maana karatasi ilizuia madini yasigusane. Iliondoa figa moja.

Habari hii ya Alarm yatufundisha na jambo jingine. Shaba ilikuwa pana sana, na misumari ilikuwa midogo. Fikiri nyumba moja yenye chakula kidogo, ikajiwa na wageni mia. Chakula kitakwisha siku ile ile. Sasa fikiri mgeni mmoja anayepokewa na nyumba mia. Hapana nyumba itakayoona njaa. Ndivyo yalivyo madini. Kitu kidogo kinacholiwa, kikifungwa juu ya kitu kikubwa kisicholiwa, hufa upesi. Lakini bolti ndogo ya chuma cha pua katika fremu kubwa ya aluminiamu haileti madhara makubwa katika nchi kavu, maana mgeni ni mmoja na wenyeji ni wengi.

Tena usidhani kwamba kulika huku ni kubaya siku zote. Watu wameligeuza kuwa mtumishi wao. Zinki hupakwa juu ya mabati kusudi iliwe yenyewe badala ya chuma. Hata bati likikwaruzwa kidogo na chuma kikaonekana, zinki iliyo kandokando hujitoa, nacho chuma hupona kwa muda mrefu. Na meli nyingi hufungiwa vipande vya zinki chini ya maji. Vikiisha, hutiwa vingine, na mwili wa meli hubaki mzima.

5. Mzee aeleza vitu vitatu

Sasa turudi kwenye ile shule. Mzee alikaa chini ya mwembe, akaweka vile vitu vitatu mbele ya wanafunzi.

Alianza na kile kiungo kilichoungua. "Waya wa shaba ulikuwa mfupi," akasema, "naye fundi akauongeza kwa waya wa aluminiamu, kwa kuwa ni rahisi. Akazisokota nyaya mbili kwa mkono, akazifunika kwa kipande cha nailoni. Maji yakaingia. Aluminiamu ikalika, ikatoa unga mweupe. Unga huu haupitishi umeme vizuri. Umeme ukaja ukiusukuma mlango uliofungwa, na kiungo kikapata moto. Ndiyo sababu taa zenu zilififia. Mngechelewa, labda mngeona moto wenyewe katika mbao za paa."

Kisha akainua kipande cha bati. "Huu ndio mstari wenu wa matundu. Waya mtupu wa shaba ulilazwa juu ya mabati kutoka kwenye paneli mpaka ukingoni. Mahali ulipogusa bati, zinki ikaliwa. Tena kila mvua iliponyesha, maji yaliyopita juu ya shaba yalichukua chembe ndogo za shaba, zisizoonekana kwa macho, yakaziacha juu ya zinki. Basi hata pale waya usipogusa, shaba ilifika kwa njia ya maji. Zinki ilipokwisha, chuma kikafuata, na mvua ikaingia darasani."

Mwanafunzi mmoja akauliza, "Na kama maji yatoka kwenye bati kwenda kwenye shaba, babu?"

"Swali jema, mjukuu wangu. Hapo hapana neno. Shaba haidhuriwi na zinki. Kwa hiyo kumbukeni: shaba isikae juu ya bati wala juu ya aluminiamu, maana maji huteremka na madhara huteremka pamoja nayo."

Mwisho akachukua ule waya wenye unga mweupe, na uso wake ukabadilika.

"Huu ni waya wa kwenda ardhini, nasi mafundi huuita ethi. Kazi yake ni kuwalinda watu. Paneli nyingi zikiunganishwa mfululizo, umeme wake huweza kuua. Waya mmoja ukichubuka na kugusa fremu, fremu nzima huwa na umeme. Ethi ndiyo inayoupeleka ule umeme ardhini, badala ya kupita katika mwili wa mtu. Fundi wenu aliifunga shaba moja kwa moja juu ya fremu ya aluminiamu. Kwa chini ilionekana imefungwa. Nami nilipoigusa kwa kidole, ikaanguka. Aluminiamu yote iliyoishika imekwisha kuwa unga. Sijui ni tangu lini shule hii haina ethi. Namshukuru Mungu kwamba hapana mtoto aliyepanda juu kufuata mpira wake."

Wanafunzi wakanyamaza. Wawili kati yao waliwahi kupanda.

6. Jaribu mwenyewe

Neno lionwalo kwa macho halisahauliki. Basi fanya jaribio hili darasani pamoja na mwalimu wako. Tafuta bilauri tatu, misumari mitatu mitupu ya chuma isiyopakwa zinki, kipande cha waya wa shaba uliomenywa, na kipande cha waya mpya wa seng'enge, ule unaong'aa kwa zinki.

Sugua misumari kwa msasa mpaka ing'ae. Msumari wa kwanza uache peke yake. Wa pili uzungushie waya wa shaba, ukaze barabara. Wa tatu uzungushie waya wa seng'enge. Weka kila mmoja katika bilauri yake, kisha tia maji yenye chumvi kijiko kimoja. Tazama kila siku kwa muda wa juma moja, uandike uonayo.

Utaona kwamba msumari wa kwanza umeshika kutu. Wa pili, uliooana na shaba, umeshika kutu zaidi. Wa tatu umebaki mzima, au una kutu kidogo sana, na zinki ya seng'enge imeanza kuwa na unga mweupe. Zinki imejitoa kwa ajili ya msumari.

Ukitaka kuona umeme wenyewe, choma ndimu kwa msumari uliopakwa zinki upande mmoja, na kwa waya wa shaba upande wa pili. Ndimu moja haina nguvu ya kutosha. Lakini ndimu nne zikiunganishwa mfululizo, shaba ya hii kwa msumari wa ile, huweza kuwasha kwa mwanga hafifu taa ndogo nyekundu, kama zile zilizomo katika redio. Ndimu hizo zisiliwe baadaye, maana zimeingiwa na madini.

7. Jinsi ya kujikinga

Yule mzee hakuondoka kabla ya kuitengeneza kazi, na alipokuwa akifanya kazi aliwataka wanafunzi wakubwa wasimame chini na kuandika maneno yake. Haya ndiyo waliyoandika.

La kwanza, chagua madini yanayopatana. Fremu ya aluminiamu yafaa ikae juu ya reli za aluminiamu au za chuma kilichopakwa zinki. Bolti ziwe za chuma cha pua kisichoshika kutu. Chuma kitupu kisitumiwe, wala shaba ya njano.

La pili, tenga yasiyopatana. Weka washa ya mpira au ya plastiki baina yake, hasa pwani. Lakini kinga nayo huchakaa. Katika bandari ya New York iko sanamu kubwa ya mwanamke mwenye mwenge, iliyofunguliwa mwaka 1886. Ngozi yake ni shaba, na mifupa yake ya ndani ilikuwa chuma. Wajenzi waliijua hatari, wakaweka kitambaa kisichopitisha umeme baina ya shaba na chuma. Baada ya miaka mingi kitambaa kilioza, kikashika maji, na chuma kikalika. Ikawabidi Wamarekani kuitengeneza upya kwa kazi kubwa iliyomalizika mwaka 1986, wakatia chuma cha pua badala ya kile cha kwanza.

La tatu, mahali ambapo umeme lazima upite, huwezi kutenga kwa mpira. Hapo tafuta mshenga. Ncha ya waya wa shaba ivishwe kishikizo cha shaba kilichopakwa bati, na baina yake na fremu iwekwe washa ya chuma cha pua. Na nyaya za shaba na aluminiamu zisisokotwe kamwe kwa mkono; viko viungo vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo.

La nne, zuia maji. Viungo viwekwe ndani ya sanduku lisiloingia mvua. Shaba ipite chini, isipite juu ya mabati. Na fundi akitoboa bati, afagie vumbi lote la chuma, maana likiachwa hushika kutu na kuharibu rangi na zinki ya paa.

La tano, kagua. Kila baada ya masika na kila baada ya vuli, fundi azime umeme, apande, atafute unga mweupe, alama za kijani, na bolti zilizolegea. Kazi hii ni ya fundi, si ya watoto.

Jioni taa ziliwaka kama siku ile ya kwanza. Paneli zilikuwa zile zile, na betri ile ile. Vitu vilivyonunuliwa vilikuwa vishikizo vichache, washa kiganja kimoja, waya mpya na bati moja. Na bei yake yote haikufika bei ya paneli moja. Mzee mmoja wa kijiji, aliyekuwa amesema paneli ni mbovu, akamshika yule fundi mkono, akasema, "Tulimtafuta adui katika duka, kumbe alikuwa juu ya vichwa vyetu."

Fundi akacheka. "Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako."

Basi, msomaji, ukiona fundi juu ya paa la shule yako au la zahanati ya kijiji chako, usiogope kumwuliza kwa adabu: "Waya huu ni wa madini gani, na unagusa madini gani?" Fundi mwenye maarifa atafurahi kukujibu. Na asiyejua, swali lako litamfanya asimame kidogo na kufikiri kabla hajakaza nati.

Maswali

1. Taja mambo matatu ambayo lazima yawepo pamoja ili madini yalane. Kwa nini yamefananishwa na mafiga?
2. Galvani alidhani umeme unatoka wapi? Volta alionyeshaje kwamba sivyo?
3. Kwa nini misumari michache ya merikebu Alarm ilisalimika?
4. Ni kipi kibaya zaidi: msumari mdogo wa chuma katika bamba kubwa la shaba, au msumari mdogo wa shaba katika bamba kubwa la chuma? Eleza sababu.
5. Maji yakitoka kwenye shaba kwenda kwenye mabati huleta madhara, lakini yakitoka kwenye mabati kwenda kwenye shaba hayaleti. Kwa nini?
6. Ukiwa chini, bila kupanda, tazama paa moja lenye sola karibu na kwenu. Andika madini unayoyaona, na sema yapi ni jirani katika daraja na yapi yako mbalimbali.